Ukuta Uliokauka

Mimi niliomba ubao tu. Naanza na hilo mapema, kwa sababu midomo ya watu naijua, mwisho itasemwa eti mke ndiye aliyemtuma. Ubao mmoja, wa kulaza uani kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo, mtu apite bila kukanyaga maji. Mume wangu akanitazama kama nimemtukana. "Ubao wa nini," akasema, "na mimi nipo?" Hapo hapo nikajua ubao sitaupata.

Mume wangu huyo ndiye Kizibo. Jina alipewa kazini, likamganda, hata mama yake mzazi akaacha kumwita lile alilompa mwenyewe. Kazi yake, tangu ujana mpaka ndevu zikaingia mvi, ilikuwa kuziba mwamba. Ukimwambia mtu hivyo anacheka. Mwamba una nini cha kuzibwa? Hata mimi nilicheka aliponieleza tukiwa wachumba, nikadhani ni maneno ya mwanamume anayetaka kuonekana wa maana.

Lakini ni kweli. Jiwe lenyewe halipitishi maji, au linapitisha kidogo sana. Maji yanapita kwenye nyufa. Mlima unaouona umesimama kitu kimoja, ndani umepasuka kila upande, nyufa nyingine haziingizi hata ukucha, na zote zinajuana. Mvua inanyesha juu, maji yanashuka, yanakata kona, yanakutana na wenzake, yanatokea mahali usipopadhania. Sasa jenga bwawa juu ya mwamba wa namna hiyo: maji uliyoyafungia mbele yatapita chini ya miguu yako na kutokea nyuma yako. Kwa hiyo watu kama mume wangu wanatangulia. Wanasukuma uji wa saruji kwa pampu ndani ya mashimo marefu, uji unaingia kwenye nyufa, unaganda, na maji yanakosa njia. Kizibo alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alikuwa akiweka sikio kwenye bomba na kusema ufa umeshiba au bado una njaa, na mara nyingi alikuwa sahihi. Wenzake walimtania kwamba ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ilitungwa siku aliyozaliwa yeye.

Shida ilikuwa kwamba wakishamaliza wao kuziba upande wa maji, walikuja wengine kutoboa upande wa pili. Wanatoboa mashimo na kuyaacha wazi, yachuruzike. Kikosi cha Kizibo kiliwachukia watu hao kwa moyo wote. Sisi tunaziba, wao wanatoboa, sasa tuliziba nini? Na kama kunikomoa mimi, mmoja wa hao watoboaji alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, anaitwa Keekee, na kama umewahi kumwona fundi seremala akitoboa mbao unajua keekee ni nini.

Injinia wao, mama mmoja mkali asiyependa ubishi, alichoshwa na ugomvi huo. Siku moja akawaita wote kambini. Akachukua mfuko wa mpira uliojaa maji, akaulaza chini, akaweka kipande cha ubao juu yake, akamwambia mpishi wa kambi asimame hapo. Mpishi mwenyewe alikuwa mtu wa kitambi. Kwenye mfuko injinia alikuwa ameunga mpira mwembamba, unene wa kidole, akaupandisha juu ya ngazi na kuanza kumimina maji kwa kikombe. Kikombe baada ya kikombe, na mpishi akaanza kuinuka. Alitoa macho, akashika hewa, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Injinia hakucheka. "Mmeona," akasema. "Maji hayasukumi kwa wingi wake, yanasukuma kwa kimo chake. Ufa mwembamba ukijaa maji mpaka juu, unasukuma kama ziwa la kimo hicho. Hakuna anayeweza kuziba kila kitu. Yatakayopenya lazima yapewe mlango, la sivyo yatalinyanyua bwawa lenu kama mpishi huyu."

Kizibo alinisimulia kisa hicho mara nyingi. Kila mara alisimulia uso wa mpishi. Maneno ya injinia aliyasema harakaharaka mwishoni, kama mtu anayemalizia sala.

Yeye na kaka yangu waliishia kutosemeshana. Tulikuwa nyumbani kwa wazazi wangu, watu wamejaa, Keekee akasema mbele ya wakwe kwamba bila mashimo yake mabwawa ya Kizibo yangekuwa yanaelea kama maboya. Watu wakacheka. Kizibo akanawa mikono kabla ya kumaliza kula, akatoka. Miaka ikapita hivyo, salamu zao zinapitia kwangu. Nikawa daraja, na daraja, kama unavyojua, linakanyagwa na kila mtu.

Sasa nyumba yetu. Iko kwenye safu ya nyumba zilizoshikana, chini ya kilima kilichokatwa ili zipate nafasi. Nyuma ya kila nyumba kuna uwanja mdogo, na uwanja unaishia kwenye ukuta wa mawe, mrefu kupita paa, uliojengwa kuegemea mwamba uliokatwa. Ukuta huo ni mmoja kwa safu nzima. Waliojenga waliacha mashimo ndani yake, mengine kimo cha goti, mengine kimo cha kifua, na kila shimo lilitoa maji mwaka mzima. Kiangazi yanadondoka, masika yanachuruzika. Uani kwetu hakukuwahi kukauka. Utelezi wa kijani, mbu, nguo zinanuka unyevu kabla hujazivaa. Safu nzima tuliyalaani mashimo hayo.

Kizibo alipostaafu alikuta mama yake yuko kwetu. Haikupita muda, mama mkwe akatoka asubuhi kwenda kuanika kanga yake, akateleza, akavunjika nyonga. Akawa mtu wa kitandani, kwenye chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama ukuta. Hapo ndipo nilipoomba ubao.

Badala ya ubao nikapata fundi. Mwanamume aliyekuwa anashinda amekaa mlangoni akitazama viganja vyake, akafufuka. Akasafisha kila shimo kwa waya na brashi. Akatengeneza uji wa saruji mzuri kuliko wa kujengea nyumba, akausukuma kwa pampu ya mkono mpaka ukaingia urefu wa mkono mzima. Halafu, na hapa mnisikilize, akapiga lipu juu, akaisugua kwa sponji, akachora mistari kuigiza viungo vya mawe, akapaka ukuta wote chokaa. Ukisimama mbele ya ukuta huwezi kujua shimo lilikuwa wapi. Yeye mwenyewe alikuwa akirudi nyuma hatua chache, anakunja mikono, anatabasamu. Sikuwa nimemwona hivyo tangu aache kazi, nami nilifurahi kwa ajili yake.

Majirani wakaja. Fundi, na kwangu. Fundi, usinisahau. Alipita nyumba moja moja, malipo akakataa, chai akakubali. Akamaliza kwenye nyumba ya mwisho, kwa fundi cherehani.

Fundi cherehani alikuwa mzee asiye na mke wala mtoto, mpole, mwenye kikohozi cha miaka mingi. Unyevu ulimla mapafu na vitambaa vya wateja vikaota ukungu kwenye rafu. Uani kwake kulipokauka, kikohozi kikapungua, kisha kikaisha kabisa. Alimshonea Kizibo shati jeupe na kulileta mwenyewe. "Hospitali zote nimezunguka," akaniambia mlangoni. "Kumbe daktari wangu alikuwa jirani." Kizibo alilivaa shati lile kila alipotoka.

Kiangazi kikapita, watoto wanacheza uani, mama mkwe anasifu mwanawe kupitia dirishani. Halafu masika yakaingia, na ukuta ukabaki mkavu. Mvua siku baada ya siku, barabara ni matope matupu, uani kwetu unaweza kulaza mtoto. Watu walimsimamisha Kizibo njiani kumpongeza.

Alasiri moja mvua ilikuwa imepumzika. Kizibo amekaa kwenye kigoda uani, kikombe cha chai mkononi. Mimi naosha vyombo. Nikaona kikombe kimesimama kabla ya kufika mdomoni.

"Mke wangu," akasema, "yale maji yanatoka wapi?"

Nikatazama. Juu kabisa, karibu na ukingo wa ukuta, kupita paa letu, mahali ambapo hatukuwahi kuona hata unyevu, maji yalikuwa yanatoka katikati ya mawe. Membamba tu, yanashuka kama jasho.

"Ni mvua," nikasema.

"Mvua imekatika tangu asubuhi."

Akaleta ngazi, akapanda, akaweka kiganja juu ya mawe, akakaa hivyo muda. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. "Yamepanda mpaka kule," akasema. "Hayakuacha kuja. Yamejaa humo ndani mpaka kule juu." Akatazama dirisha la mama yake. Kisha akasema neno moja ambalo mtu mwingine asingelielewa, lakini mimi nililielewa. Alisema, "Mpishi."

Nikamwambia, "Basi zibua."

Akachukua nyundo na tindo. Alijua shimo lilipo, akaanza kugonga. Lipu ikatoka, saruji ikakataa. Aligonga mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, akapata kishimo cha kuingiza kidole, na ile saruji ilikuwa imeingia urefu wa mkono. Kazi nzuri namna ile! Mawe ya ukuta yalikuwa yanachomoka pembeni kabla ya kizibo chake kumomonyoka. Akatupa nyundo, akakaa chini kwenye ardhi kavu, akaanza kulia. Mume wangu hakulia hata alipomzika baba yake.

Mwenye mashine ya kutoboa tulimjua wote wawili. Nikapiga simu, kaka akapokea, nikasema, "Kaka, shemeji yako..." Kizibo akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shemeji," akasema. "Nimeziba mashimo ya ukuta."

Nilimsikia kaka yangu akiuliza, "Mangapi?"

"Yote."

"Safu nzima?"

"Safu nzima."

Ningekuwa mimi ningetukana. Kaka yangu alisema tu, "Toa watu nje. Nakuja."

Mama mkwe tulimbeba na godoro lake, majirani wanne, tukamvusha barabara hadi darasa tupu la shule. Njia nzima analalamika. "Maji yameniangusha, sasa ukavu unanifukuza. Nyinyi watoto mnataka nini na mimi?" Wabebaji walicheka. Hawakuamini hata kidogo, walisaidia kwa heshima tu. Na huo ndio uliokuwa msiba wetu saa ile: hakuna aliyeamini. Kizibo alipita mlango kwa mlango, mikono inavuja damu, anasema, "Tokeni, ukuta utaanguka, kazi yangu ni mbaya." Na watu wanamjibu, "Usijidharau, fundi, ukuta haujawahi kuwa mzuri hivi." Wanautazama, mkavu, mweupe, umenyooka, na wanamtazama yeye kama mtu aliyeshikwa na homa.

Basi nikaingia mimi. Ulimi wangu unajulikana mpaka sokoni, na siku ile niliutumia wote. Sikueleza habari za nyufa wala kimo cha maji. Nilitukana. Nilimwita mmoja mzoga, nikamwambia mwingine abaki azikwe bure tusihangaike na jeneza. Walitoka kwa hasira, wanatoka kuja kunijibu, na mimi narudi nyuma kuelekea barabarani wanifuate. Wakatoka wote.

Wote isipokuwa fundi cherehani. Kwake sikuweza kutukana. Alikuwa kwenye cherehani yake, anapiga kola ya shati la mtu, redio inaongea polepole. Kizibo alimshika mkono.

"Mzee wangu, twende nje. Nakuomba."

"Kizibo, mwaka huu sijakohoa. Unanitoa kwenye nyumba iliyoniponya?"

"Nilikosea. Nakuapia nilikosea."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Fundi hodari ndiye anayeikosoa kazi yake. Mbovu hujisifu. Wewe umezuia mabwawa, mwanangu, ukuta huu ni nini? Ngoja nimalizie kola, mwenyewe anaifuata leo. Nakuja." Na akakanyaga cherehani.

Keekee alifika na gari lake, nyuma amebeba kompresa, ile mashine ya upepo ya kutobolea. Hawakusalimiana. Alitembea kando ya ukuta mara moja, akasimama nyuma ya nyumba ya mwisho. Pale ukuta ulikuwa umefanya tumbo, kidogo tu, ukiinamisha kichwa unaliona. "Tunaanza hapa," akasema. "Nionyeshe."

Kizibo akaweka kidole kwenye chokaa. "Hapa."

Mashine ikaingia. Ghafla maji yakaruka, yakavuka uwanja wote na kupiga ukuta wa jikoni kwa mzee. Maji safi, ya kunywa. Keekee akaitikia kwa kichwa kwamba vizuri. Nilimwona mume wangu akivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu alasiri. "Hapa," akasema tena, akihamisha kidole.

Shimo la pili lilitoa maji ya kahawia. Keekee akazima mashine. Mimi si fundi, lakini nimeishi na mafundi: maji safi yanapita tu, maji ya tope yanaondoka na kile kilichoshika mawe. Kaka yangu akapiga ukelele mmoja, "Kimbieni!", akanivuta mimi kwa kitambaa cha kichwa. Kizibo hakukimbilia tulikokimbilia sisi. Alikimbilia mlango wa fundi cherehani, anamwita.

Hakufika. Ukuta ulishuka mbele yake, mawe kwanza, halafu tope la kilima nyuma ya mawe, likaingia jikoni kwa mzee, likaingia chumbani, likatulia. Nyumba ya mzee ikabaki kipande cha mbele na kibao chake cha ushonaji.

Kisha tukamsikia. Kutoka chini ya mawe, sauti ya mzee, siyo ya juu. Alisema, "Kizibo."

Mume wangu alikuwa tayari yuko juu ya kifusi, anafukua kwa mikono. Majirani wakaja mbio, wale wale waliotoka kunijibu matusi, wakaingia nyuma ya nyumba na majembe, sufuria, mabeseni, wanafukua. Watu wema. Na wote wamesimama chini ya ukuta uliobaki, ule wa safu nzima, na pale ulipokatika mawe ya pembeni yalikuwa yanaanza kudondoka moja moja.

Keekee akamshika Kizibo bega. "Shemeji, acha. Nionyeshe mashimo."

"Ananiita."

"Namsikia. Ukuta unakuja wote, watu wako chini yake. Nionyeshe mashimo. Sioni kitu, umeyapaka chokaa!"

Ilikuwa kweli. Kaka yangu, aliyetoboa miamba maisha yake yote, alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe hajui aanzie wapi. Kubahatisha kwenye mawe yale kungechukua muda ambao hatukuwa nao, na kila kosa lingetikisa ukuta zaidi. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kila shimo lilipo, naye mkono wake ulikuwa ndani ya tope mpaka kwenye bega, anamtafuta mzee.

Aliinua macho akanitazama. 

Akautoa mkono. Akasimama, akamfuata Keekee. "Hapa," akasema. Maji yakaruka. "Hapa. Hapa." Nyumba kwa nyumba, kidole chake hakikosei hata mara moja, na kila mashine inaponyamaza ili wahame, tunamsikia mzee nyuma anaita jina lile lile. Kizibo hakugeuka. Machozi yanashuka kwenye vumbi la uso na kidole kinaonyesha. Walipofika nyuma ya nyumba yetu, mashine ikanyamaza na hatukusikia sauti. Wakaendelea mpaka mwisho mwingine wa safu.

Ukuta ulisimama. Umesimama mpaka leo, umetobokatoboka, unachuruzika kila mahali. Mzee walimfikia jua linazama. Aliyemtoa alisema mkono wake ulikuwa bado una joto. Kwa nini aliona lazima aseme hilo mbele ya mume wangu, sijui, na sijamsamehe.

Msibani nikasikia mtu akisema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamuuliza, dawa gani? Mzee aliamini kazi ya jirani yake, ndiyo yote aliyoyafanya. Wakuu wakaja wakapima, wakaandika, Kizibo akawaeleza kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Wengine walikuja kumshukuru, kwamba watoto wao wako hai, naye alikuwa akiwaangalia mpaka wanaaga wenyewe. Lile shati jeupe nililifua nikaliweka chini ya sanduku. Keekee sasa anakuja kwetu mara kwa mara, wanakula pamoja, wanaulizana habari za afya. Yale mengine hawayagusi.

Kila asubuhi Kizibo anapita safu nzima na waya, anachokoa kila shimo. Maji yakitoka safi anasonga mbele. Nikiamka nikasikia kudondoka, nalala tena kidogo.

Dada wa fundi cherehani alikuja masika yalipokwisha. Msibani hakuwahi, anaishi mbali. Mwanamke mfupi, uso wa kaka yake mtupu. Tulimpa kigoda uani, sehemu iliyo kavu kidogo, akashika kikombe cha chai asikinywe.

"Wameniambia alikuita," akamwambia Kizibo.

"Aliniita."

"Ulimsikia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri kabisa, kwamba kelele ya mashine ilikuwa kubwa. Kizibo akainua mkono nisiseme.

"Nilimsikia, dada. Nikaondoka."

Maji yalikuwa yanadondoka. Mama mkwe chumbani akakohoa.

"Ungebaki angepona?"

"Sijui. Kila siku najiuliza, na sijui."

Dada mtu akaweka kikombe chini, akainuka kuondoka, na hatua ya pili tu akateleza kwenye ule utelezi wa kijani. Kizibo alimdaka kiwiko. Alipokwisha kusimama vizuri, Kizibo akaingia stoo, akatoka na ubao mrefu, mpana, laini kwa kusuguliwa na vitambaa miaka mingi. Ilikuwa meza ya kukatia ya fundi cherehani, imebaki juu tu, miguu haipo. Aliichimbua mwenyewe kwenye kifusi na kumwekea.

"Hii ni yake," akasema. "Nimekuhifadhia."

Dada mtu akapitisha kiganja juu ya ubao. Bado ulikuwa na alama za chaki. Akatazama maji yaliyotanda kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Uweke hapo," akasema. "Mtu mwingine asianguke."

Kizibo akaulaza. Mama yule akapita juu yake, akaenda zake.

Ndio ubao niliouomba. Upo pale mpaka sasa, mahali pale pale nilipotaka, na nikienda kuanika nguo navua viatu na kupita ndani ya maji.